Wazazi Watatu Bila Ndoa: Ulinzi wa Kisheria wa Familia za Wapenzi Wengi Nchini Kanada

Makala haya yanafafanua namna sheria ya Kanada inavyowatazama watu wazima watatu au zaidi wanaoishi katika uhusiano mmoja wa kimapenzi, kila mmoja akiwafahamu wenzake na kuridhia. Uhusiano huo ni tofauti na mitala. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kwa mfano, inatambua ndoa ya mume mmoja na wake zaidi ya mmoja, lakini haimruhusu mwanamke kuwa na waume wawili. Katika uhusiano unaojadiliwa hapa, nafasi ya kuwa na wapenzi wengi haikutengewa jinsi moja, na mara nyingi ndoa haipo kabisa. Inabainishwa kwamba ulinzi mkubwa uliopatikana Kanada umemfuata mtoto. Watu wazima wanaomlea wamebaki kwa sehemu kubwa kujilinda wenyewe.

Kikwazo cha kwanza ni sheria ya jinai. Kifungu cha 293 cha Kanuni ya Adhabu kinaharamisha ndoa ya wenzi wengi, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano. Maneno ya kifungu hicho ni mapana, hivyo kulizuka swali iwapo hata wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa wangeweza kushtakiwa. Swali hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya British Columbia baada ya kukwama kwa mashtaka dhidi ya viongozi wa jumuiya ya kidini ya Bountiful. Katika maoni yake ya Novemba 2011, Jaji Mkuu Robert Bauman alieleza kuwa katazo hilo kwa jumla linapatana na Katiba, akizingatia madhara ya ndoa hizo kwa wanawake na watoto. Hata hivyo, alikipa kifungu hicho tafsiri finyu: kinawahusu wanaodai kuwa wameoana, si wanaoishi pamoja bila tendo la kuuhalalisha muungano wao kuwa ndoa.

Tafsiri hiyo ni kinga na pia ni mpaka. Inawaondolea hofu ya jinai wanaoishi pamoja tu, lakini usalama wao unategemea kutofunga ndoa. Tendo lilelile linalowapa haki wenzi wawili linaweza kuwapeleka watatu kizimbani. Aidha, Sheria ya Ndoa za Kiserikali ya mwaka 2005 inaitaja ndoa kuwa muungano wa watu wawili.

Kuhusu watoto, mahakama zimechukua njia nyingine. Mwaka 2018, mahakama ya jimbo la Newfoundland na Labrador iliwatambua watu wazima watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja, kuwa wazazi wa mtoto mmoja. Sheria ya jimbo haikuwa imeitazamia hali hiyo. Mahakama ilitumia mamlaka yake ya asili ya kuwalinda watoto, ikiongozwa na maslahi bora ya mtoto. Mwaka 2021, Mahakama Kuu ya British Columbia ilifikia uamuzi unaofanana na huo. Sheria ya Familia ya jimbo hilo ilikuwa tayari inaruhusu wazazi zaidi ya wawili, lakini kwa mtoto aliyepatikana kwa msaada wa kitaalamu wa uzazi. Mtoto husika alizaliwa kwa njia ya kawaida katika familia ya wanawake wawili na mwanamume mmoja. Jaji aliliona hilo kuwa pengo katika sheria, akamtangaza mwanamke wa pili kuwa mzazi pamoja na wale wawili waliomzaa mtoto.

Uzito wa tamko hilo unaonekana familia inapovunjika au mzazi mmoja anapofariki. Mlezi asiyetambuliwa huweza kukosa sauti katika matibabu, shule na malezi ya mtoto aliyemlea tangu kuzaliwa. Kwa mtoto, kutambuliwa kwa mzazi wa tatu huongeza mtu anayewajibika kisheria kumtunza, na mirathi anayoweza kuidai.

Hata hivyo, kuwa wazazi pamoja hakuwafanyi watu hao kuwa wenzi mbele ya sheria. Sheria ya mirathi ya British Columbia inakubali kwamba asiyeacha wasia anaweza kuwa na wenzi wawili au zaidi, ambao hugawana fungu la mwenzi kwa makubaliano au kwa uamuzi wa mahakama. Nje ya nafasi za namna hiyo, wahusika hulazimika kuandika wasia, mikataba ya mali na hati za uwakilishi. Nyaraka hizo huwafunga waliozitia saini. Haziwezi kubadili sheria za uhamiaji wala tafsiri ya ndoa. Pia huwasaidia zaidi wenye uwezo wa kumlipa wakili.

Kwa hiyo, mtoto mmoja anaweza kuwa na wazazi watatu halali ambao sheria haiwaruhusu kuoana wote watatu. Hukumu hizo zimeziba pengo la mtoto mmoja mmoja, kwa familia zilizoweza kufika mahakamani. Kuliziba pengo hilo kwa wote ni kazi ya mabunge.