Utangulizi: Haradali Iliyohamia Msituni

Chuma jani la Alliaria petiolata, lifikiche kati ya vidole, kisha nusa. Utadhani kitunguu saumu, kumbe mmea huu ni wa ukoo wa haradali, jamaa wa kabichi na sukuma wiki. Kitabuni humu nitauita haradali saumu. Ulaya umeliwa tangu kale: wanaakiolojia wamekuta masalia yake kwenye ukoko wa vyungu vya Denmark na Ujerumani, vya miaka 6,000 hivi iliyopita.

Huko kwao hauna makuu. Huota kandokando ya njia na chini ya vichaka, na wadudu chungu nzima huutafuna. Mwaka 1868 ulirekodiwa Long Island, New York, yaelekea ukiwa umebebwa na walowezi kama mboga na dawa. Leo umetanda katika misitu ya mashariki na katikati ya Marekani, hadi Kanada. Hata hivyo, neno "vamizi" nalitumia shingo upande. Mmea haukujipangia safari.

Msomaji wa Kisumu au Mwanza, aliyekwishaona gugu maji likifunga ziwa, hatashangazwa na mwanzo wa kisa hiki. Labda katikati yake. Wanafunzi wengi hunijia na jibu tayari: mmea umewaacha maadui nyuma, basi umestawi. Ni kweli, ila haitoshi. Chimba kidogo. Haradali saumu huachia udongoni kemikali zinazowadhoofisha fangasi wanaoshikana na mizizi ya miti na kuiletea madini. Yenyewe haiwahitaji fangasi hao. Mche wa mepo (maple) unawahitaji, basi hudumaa. Fangasi wa Ulaya wameishi na kemikali hizo vizazi na vizazi, na huzistahimili kuliko wenzao wa Marekani.

Juu ya ardhi yuko kipepeo mweupe, Pieris virginiensis. Hutaga mayai kwenye majani ya haradali saumu kana kwamba ni mimea ya ukoo huo aliyoizoea. Viwavi huanguliwa, hula, hufa.

Kuung'oa mmea huu si kazi ya siku moja. Mwaka wa kwanza hulala chini kama kisahani cha majani. Wa pili huinuka, hutoa maua meupe ya petali nne na kujichavusha wenyewe, hivyo mche mmoja uliosahaulika unatosha kuanza upya. Uliong'olewa ukiwa na maua, ukaachwa papo hapo, waweza bado kukomaza mbegu, hivyo beba mfuko wa kuuondolea.

Taaluma yetu, ikolojia ya uvamizi, ilipata kitabu chake cha msingi mwaka 1958, cha mwanaikolojia Charles Elton, na tangu hapo tumependa mno lugha ya vita. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba pale mmea huu ulipokaa muda mrefu zaidi, sumu yake ya udongoni imepungua. Kuitengeneza kuna gharama, na haradali ikishabaki kushindana na haradali mwenzake, sumu hiyo haina wa kumdhuru.