Ramani Inavyosaidia Familia Kutambua Makao ya Zamani

Familia nyingi za Taita Taveta zimebaki na jina tu la mahali babu zao walipoishi: jina la kilima, kijito au bonde. Ramani ya topografia, inayoonyesha milima, mito na njia, inaweza kusaidia kutambua mahali hapo.

Ramani hizi hutolewa na Idara ya Upimaji wa Ardhi, yenye makao yake Ruaraka, Nairobi. Kwa kazi hii inafaa ile ya kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni sawa na kilomita 1 ardhini. Rangi ya buluu ni maji. Mistari ya kahawia, iitwayo kontua, huunganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ikisongamana, mteremko ni mkali, kama kwenye mlima Vuria. Ikiachana, ardhi ni tambarare, kama nyika za Voi.

Mfano mzuri ni Kasigau. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wake kwa nguvu hadi Malindi, ikiwashuku kuwasaidia Wajerumani. Leo vijiji kama Rukanga na Bungule viko chini ya mlima. Masimulizi ya familia yakisema babu alikaa juu, karibu na maji, kontua na alama za vijito huonyesha pa kuanzia kutafuta.

Kabla ya kufungua ramani, mkazi aandike majina yote ambayo wazee wanakumbuka, jinsi wanavyoyatamka, kwa kuwa tahajia ya ramani huenda ikatofautiana. Aangalie pia mwaka wa ramani: shule au barabara iliyojengwa baadaye haitaonekana. Kisha aandamane na mzee hadi mahali penyewe, na kulinganisha vilima wanavyoviona na vilivyochorwa.

Wakazi wazingatie kwamba ramani hii si hati ya umiliki, wala haionyeshi mipaka ya mashamba. Masuala ya urithi wa ardhi yapelekwe mahakamani, na ya mipaka yapelekwe kwa ofisi ya usajili wa ardhi.

Ramani inaweza kununuliwa hata mwakani. Mzee anayejua jina la kijito yafaa aulizwe sasa.