Krismasi: Wenye Video Wapime Mfuko wa Mkulima

Wenye vibanda vya video Mtowisa wanaojiandaa kukodi filamu za Krismasi wasitegemee sifa za siku za mwanzo. Filamu ya Titanic ilipotoka Marekani Desemba 19, 1997, siku tatu za kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 28. Mwishowe ikapita milioni 600 nchini humo, maana watazamaji walirudi tena na tena.

Bonde la Rukwa lina hesabu yake. Desemba mvua zimeanza, fedha ya mkulima iko kwenye mbegu. Kiingilio kikipandishwa, wengi watachungulia dirishani. Mwenye mtaji mdogo afadhali akubali kugawana makusanyo na mwenye filamu. Kodi kamili ingoje Julai, mpunga ukishauzwa.