Si Mgika, Si Mgalu

Juzi pale Kisesa mzee mmoja alinisimamisha barabarani akaniuliza: "Bwana mtangazaji, wewe ni Mgika au Mgalu?" Nikamjibu kwamba mimi si huyu wala si yule. Akacheka sana. Akasema, "Mtu wa namna hiyo hayupo." Basi leo nataka kumjibu.

Kwa ninyi mnaotusikiliza kutoka nje ya Usukumani, ngoma huku kwetu ina pande mbili, Bagika na Bagalu. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba katikati ya karne ya 19 walikuwapo waganga wawili mabingwa wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa yenye nguvu zaidi. Wafuasi wao wakawa vyama viwili, na hadi leo utani na ushindani wao haujaisha. Anayeingia hupewa dawa za upande wake, na tangu hapo upande wa pili huwa ni mtani wake na mpinzani wake.

Mashindano ni ya kiangazi, watu wakishavuna. Yanayojulikana zaidi ni ya Bulabo, pale Bujora, mahali ambapo Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Sikukuu hiyo hufuatana na ile ya Mwili na Damu ya Kristo, kwa kawaida mwezi Juni.

Sasa sikilizeni jinsi mshindi anavyopatikana, maana hapo ndipo penye jibu langu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, huyu huku na yule kule. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Basi! Ndiyo maana utaona wa bugobogobo wanarusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mapigo, na wengine wanacheza na chatu mabegani. Manju akiona watu wanaanza kuhama, hubadilisha wimbo papo hapo. Na mganga wa kikundi yuko kazini tangu usiku, kwa sababu wachezaji wengi huamini kwamba miguu ya watazamaji huvutwa na dawa.

Je, ni miguu ya nani inayohama? Mgika wa kweli hawezi kukimbilia kwa Wagalu, ni aibu. Anayehama ni yule asiye na upande. Mama aliyekuja na mtoto mgongoni, muuza miwa, kijana aliyetoka mjini Mwanza kwa daladala. Kama sisi sote tungekuwa tumekula dawa, watu wangesimama palepale tangu asubuhi hadi jioni na mashindano yasingekuwapo. Mzee wangu wa Kisesa, watu wa namna hiyo wapo, na ninyi mnatutegemea.

Sisemi kwamba ni rahisi. Mjomba wangu ni Mgalu, baba mkwe wangu ni Mgika, na kila mmoja ameniita kwa wakati wake. Chama cha ngoma si cha kucheza tu. Wenzako hukulimia shamba kwa ngoma, jembe likifuata mapigo, na ekari ambayo peke yako ingekuchosha wiki nzima wao huimaliza wakiimba. Mimi shamba langu nalima kwa kulipa vibarua. Mjomba kila masika hunikumbusha jambo hilo, tena mbele za watu.

Na kuna mwaka nilikosea. Nilitangaza redioni kwamba upande fulani umeshinda. Kesho yake wazee wa upande wa pili walikuja mlangoni kwangu, watatu, wakiwa wametulia kabisa, wakaniuliza: "Mwanetu, ulikuwa umesimama wapi?" Nilikuwa nimesimama katikati ya kundi moja, nimezungukwa na watu, na la pili sikuliona hata kidogo. Sikuwa na chama, lakini nilikuwa na mahali niliposimama, na ikawa ni sawa na kuwa na chama. Niliomba radhi hewani wiki iliyofuata. Tangu hapo nikifika uwanjani hutafuta jiwe refu, na mawe huku kwetu hayana uhaba, nikapanda juu na kinasa sauti changu.

Mwaka huu nilipanda na mwanangu wa miaka kumi na mitano. Mjomba alikwisha kumwahidi dawa, na babu yake naye alikwisha kumwahidi ngoma. Aliangalia huku, akaangalia kule, kwa muda wa kama saa nzima. Halafu akaniambia, "Baba, nashuka." Nikamwacha ashuke. Alikwenda upande gani, msikilizaji, sitasema.