PICHA YA FURU KATIKA TANGI LA KIOO

Wako watu wadhanio ya kuwa kumpiga picha samaki aliye katika tangi la kioo ni mchezo wa wenye nafasi. Sisi hatukubaliani nao, na sababu yetu iko Mwanza.

Mwaka 1985 wataalamu wawili, Witte-Maas na Witte, waliandika habari za furu mmoja wa Ziwa Victoria, wakampa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Leo huitwa Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu kama kaa la moto, na mistari myeusi ubavuni. Jike halina fahari hiyo. Anaye ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ambaye kwa umbo hufanana naye sana, ila dume lake ni la rangi ya buluu iliyofifia. Basi, ndugu msomaji, watie wote wawili katika formalini ili wasioze, uwatazame baada ya muda. Rangi zimekwisha! Meno na miiba yaweza kuhesabiwa bado, lakini ule wekundu na ile buluu havipo tena. Picha ya samaki angali hai ndiyo shahada iliyobaki, na kwa kuwa maji ya ziwa yamekuwa na tope kuliko zamani, mahali pazuri pa kuipiga ni ndani ya kioo. Nasi twajua jinsi aina nyingi za furu zilivyotoweka miaka ya 1980, sangara walipozidi.

Kwanza kioo. Kisafishwe ndani na nje, kwa maana chembe ya uchafu usiyoiona kwa macho kamera itaiona. Kisha lenzi isimame sawasawa mbele ya kioo, wala si kwa mshazari; mwanga upitao mshazari katika maji na kioo hupindwa, na samaki hutoka na ukungu kandokando. Afadhali lenzi ikaribie kabisa kugusa kioo. Hapo kivuli cha mpiga picha hakipati njia ya kuingia. Sisi wenyewe tuliwahi kuonyesha kwa majivuno picha ya samaki, na rafiki zetu wakauliza ni nani yule mwenye shati jeupe aliyesimama katikati ya majani ya maji. Tangu siku hiyo twavaa nguo nyeusi.

Taa ya kamera isielekezwe kwenye kioo, kwani itarudi yote machoni pa lenzi. Itengwe na kamera, iwekwe juu ya tangi, imulike chini kama jua limulikavyo ziwani. Asiye na taa ya namna hiyo, hata akiwa na simu ya mkononi tu, na aizime taa yake, azime na taa za chumbani, aache ile ya tangi peke yake. Samaki hatulii; kwa hiyo kamera ifunguke kwa muda mfupi, sehemu ya 125 ya sekunde au pungufu. Jicho la samaki ndilo liwe safi kuliko yote.

Lakini hayo yote ni mepesi kuliko subira, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Furu aliyetiwa tangini sasa hivi ana hofu, na akiwa na hofu rangi yake hupauka kwa dakika chache tu. Ukimpiga picha wakati huo umeandika uongo, hata kama picha ni safi namna gani. Mwenye kuitazama atasema furu huyu ni wa kijivu. Mwachie mawe ya kujificha. Usigonge kioo. Keti hata aanze kuzunguka na kuwafukuza wenzake, maana dume likishindania mahali pake ndipo livaapo rangi zake zote.

Na picha ikiisha kupigwa, iandikwe papo hapo: samaki alivuliwa wapi, kina gani, tarehe gani.