Ruzuku ya TASAF isifanye chumba kikae bure

CHUMBA kinachobaki wazi baada ya binti kuolewa au kijana kwenda Tunduma kutafuta maisha ni mali. Katika kata ya Mbebe, wilayani Ileje, mkoa wa Songwe, chumba kama hicho kinaweza kumfaa mwalimu mgeni, mhudumu wa zahanati au mnunuzi wa mazao.

Lakini kwa kaya inayopokea ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), swali huja haraka: nikipata mpangaji, si nitafutwa kwenye orodha?

Hofu hiyo ina hesabu yake. Katika kipindi cha kwanza cha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliozinduliwa mwaka 2012, ruzuku ya msingi ilikuwa Sh10,000 kwa mwezi. Tuseme mjane anapangisha chumba kwa kiasi hicho hicho. Kwa mwaka atapata Sh120,000. Akifutiwa ruzuku kwa ajili hiyo, atakuwa amebadilisha noti kwa noti, na gharama ya kutengeneza paa na mlango bado ni yake.

Kwa hesabu hiyo, mtu anaweza kuona afadhali chumba kikae na magunia matupu, au apangishe kimyakimya na kusema mpangaji ni mjomba.

Hata hivyo, ruzuku hiyo haikupangwa kukatwa shilingi kwa shilingi kila kaya inapopata kipato kidogo. Kaya hutajwa kwanza katika mkutano wa kijiji, kisha hujaziwa dodoso linaloangalia hali yake kwa jumla, yaani idadi ya wanakaya, nyumba na mali. Katika kipindi hicho cha kwanza, nyongeza juu ya ruzuku ya msingi ilitegemea watoto waliopo na mahudhurio yao kliniki na shuleni.

Nchi nyingine zina kanuni zao. Uingereza, kwa anayepokea Universal Credit, kodi ya mpangaji anayeishi naye ndani haihesabiwi kuwa kipato, lakini chumba hicho huhesabiwa kuwa cha ziada na msaada wa pango unaweza kupungua.

Kosa kubwa liko kwingine. Mpangaji anayejitegemea kwa chakula na matumizi ni kaya nyingine. Kuandikisha watoto wake kama wako ili ruzuku iongezeke ni udanganyifu, na majirani wanaokaa mkutanoni wanajua nani analala wapi.

Mwenye chumba anashauriwa kuieleza kamati ya jamii inayosimamia mpango kijijini, kuandika mkataba mfupi wenye mashahidi, na kutowahamishia watoto jikoni kwa tamaa ya kodi. Kodi nayo ipite kwenye kikundi cha kuweka akiba kabla haijaingia sokoni. Miezi michache inaweza kununua kuku wa kuanzia, au kuchangia mbolea ya mahindi na kahawa.

Ruzuku ina mwisho. Katika kipindi cha pili cha mpango, kilichozinduliwa Februari 2020, kaya zilizoonekana kuimarika baada ya tathmini ziliondolewa, au kama inavyosemwa, zilihitimu. Chumba hakihitimu. Siku jina litakapotoka kwenye orodha, jambo la kujiuliza halitakuwa nani alisema, bali kodi ya miezi yote ile ilikwenda wapi.