Bosi yuko London, mimi niko Makambako!

Leo nawapa stori ya kazi, maana kila nikikatiza mtaani vijana wenzangu wananiuliza: "Sista, hivi wewe unafanya kazi gani? Asubuhi upo, mchana upo, na mshiko unao!"

Jibu ni fupi. Nafanyia kazi kampuni ndogo ya ushauri ya Uingereza, watu hawafiki kumi, na ofisini kwao sijawahi kukanyaga. Wao wanapewa tenda ya kuchunguza, tuseme, wakulima wa viazi au parachichi wanauzaje mazao yao. Watu wao wanazunguka vijiji vya Njombe na kinasa sauti. Sauti zinatumwa kwangu kwa intaneti, naziandika neno kwa neno, kisha nazitafsiri kwa Kiingereza. Elimu yangu ni fomu foo tu, lakini Kibena nimekizaliwa. Mzee wa kijijini akikichanganya na Kiswahili, mtu wa Dar anabaki kukodoa macho.

Zamani mtoto wa Njombe akimaliza shule njia ilikuwa moja: kilometa kama 60 hadi Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar na Mbeya, adake basi au treni ya TAZARA, akatafute maisha mjini. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikafika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, mkongo wa taifa ukaanza kusambaa mikoani, na mwaka 2020 korona ikawafungia wazungu majumbani. Hapo mabosi wengi wakagundua kuwa kuna kazi hazihitaji kiti cha ofisini. Kwangu mimi Makambako siyo tena mahali pa kubadilishia basi.

Lakini jamani, msidhani ni raha tupu. Kwanza masaa. Saa 3 asubuhi ya London, kwetu ni saa 6 mchana wakati wa baridi yao, na saa 5 wakati wa kiangazi chao. Mteja akiwa New York ndiyo kasheshe: saa 3 yake ya asubuhi, huku ni saa 11 jioni, au saa 10. Kwa hiyo taa ya chumba changu inawaka hadi usiku wa manane. Na nikiwa kwa mama Njombe mwezi wa 6, baridi ile mbaya, nachapa kazi na blanketi mabegani.

Pili, maneno ya watu. Binti anakesha anaongea Kiingereza kwenye simu, halafu anapokea hela kutoka Ulaya! Kijiweni wameshamaliza kesi: ana buzi la kizungu. Siku moja mama mwenye nyumba akaniita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi ni mzazi, niambie ukweli. Huyo mzungu atakuoa lini?"

"Mama, yule ananidai kazi, na mimi namdai hela."

Na kweli nilikuwa namdai! Kampuni moja, siyo hii ya sasa, ilipokea kazi ya sauti 11, kisha ikaniambia mfadhili wao hajalipa, nisubiri. Nikasubiri miezi 3, huku kodi ya nyumba ya miezi 6 inagonga mlango. Mkataba wao ulisema kesi zote zisikilizwe Uingereza. Nauli ya kwenda huko nani anayo? Nilikuwa nimebaki na sauti 4 sijazituma. Nikawaambia, lipeni kwanza. Wiki hiyohiyo nusu ya hela ikaingia. Nusu nyingine mpaka leo sijaiona.

Sasa wewe unayetaka kuingia, sikiliza. Malipo mara nyingi ni kwa dakika ya sauti, siyo kwa dakika ya jasho lako. Sauti ya saa 1 inaweza kula saa 5 za kuandika. Ukiambiwa nusu dola kwa dakika, hiyo ni dola 30. Gawa kwa 5, unabaki na dola 6 kwa saa, na hapo benki haijakata, bando hujanunua, luku hujaweka.

Pia ujue kwa mikataba hii wewe siyo mwajiriwa, ni deiwaka wa intaneti. Likizo hakuna, wa kukuchangia NSSF hakuna. Nenda kajiandikishe mwenyewe, wanapokea waliojiajiri. Na TIN ukate, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamhesabia mkazi wa Tanzania hata mapato yanayotoka nje.

Kazi kubwa igawe vipande, na kipande cha pili kisitoke kabla cha kwanza hakijalipwa. Mzungu muungwana hatakasirika. Akikasirika, basi umejua mapema.

Wengine watakwambia uulize watalipa kiasi gani. Mimi nakwambia uliza watalipa lini.

Kamwene!